Mkono Ambao Simu Haikuuona

Jumamosi, 5 Septemba. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuingia kwa mifupa, na upepo umeleta vumbi lote la Kitengela ndani ya nyumba. Siku ile pia ilikuwa hivi, ndiyo maana nimeamua kuandika leo, kabla kichwa changu hakijaanza kunibadilishia maneno. Mimi niliishia darasa la nane na si mtu wa kujiamini. Hata kufuli ya mlango narudi kuikagua. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, jua halijazama, na sijaongeza kitu. Mahali sina uhakika, nitasema sina uhakika.

Mume wangu yuko Ghuba, Uarabuni, mwaka wa tatu sasa, analinda ghala usiku. Alipoondoka, binti yetu Mwende alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Kwa hivyo kila kitu nilikuwa nampigia video: Mwende akinywa uji, Mwende akikimbiza kuku wa jirani, Mwende akilia siku ya kwanza ya nasari. Si yeye aliyenilazimisha, niwe mkweli. Niliona ni kama nimemwekea baba yake kiti mezani. Lakini ilifika mahali nikimwambia Mwende, "Niangalie," anatafuta kwanza simu iko wapi, halafu anaichekea. Baba yake alifurahi sana kuona hivyo. Mimi pia nilifurahi. Ningejuaje?

Siku ile ya mawingu tulienda kuangalia ploti yetu, upande wa Kajiado, mbele ya Isinya. Hakuna nyumba, ni nyasi kavu na waya. Kila mwezi tunaenda ili Baba Mwende aone kama mawe ya mpaka yako mahali pake, maana mawe ya huku huwa yanatembea. Nilimpigia simu ya video, nikawa nafuata waya macho yakiwa kwa kioo cha simu, yeye ananielekeza kutoka huko. Rudi nyuma kidogo. Nionyeshe ile nguzo imelala. Hapo, hapo.

Mwende alikuwa mbele yangu ameinama, anapanga vijiwe. Nilipoinua macho, bibi mzee alikuwa amesimama naye.

Alikuwa kokoo wa Kimaasai, yaani nyanya, shuka nyekundu, masikio marefu yenye shanga, miguu imejaa vumbi. Sikushtuka. Huku wazee hutokea kwa nyasi bila kelele. Na nyinyi mnaoishi na Wamaasai mnajua desturi yao: mtoto hampi mzee mkono, humwinamishia kichwa, naye mzee humgusa utosi. Nilidhani amemkuta Mwende ameinama akafikiri anasalimiwa. Alimwekea kiganja kichwani, akamsalimia polepole kwa Kimaasai, "Takwenya."

"Iko," Mwende akajibu, vile Wamaasai huitikia.

Sisi ni Wakamba. Nani alimfundisha kuitikia hivyo? Labda aliisikia sokoni. Sitasema haiwezekani.

Nikageuza simu ili baba yake aone. Hilo ndilo wazo lililonijia kwanza, kuonyesha. Na kwa kioo hakukuwa na mtu. Niamini. Mwende alikuwa ameinama peke yake, na nywele zake zilikuwa zimelala pale pale palipo na kiganja. Nikashusha simu, kokoo yuko. Nikainua, hayuko.

"Mama Mwende, unaongea na nani?" mume wangu akauliza. "Mbona mtoto ameinama hivyo?"

Kokoo aliniangalia. Hakuwa na hasira, hiyo lazima niseme. Alikuwa na huruma, na ni hiyo huruma iliyonitia baridi. Akauliza, "Huyu mtoto ako na mama?"

"Ni mimi, kokoo."

"Mimi naona simu tu."

Akamshika Mwende mkono, wakapita mahali waya umelegea, wakaanza kushuka kuelekea korongo. Sasa sikiliza kitu ambacho kinanisumbua mpaka leo: mimi niliendelea kuangalia kioo. Kwa nini? Kwa sababu kwa kioo hakukuwa na kitu cha kuogopa. Kulikuwa na mtoto tu anatembea nyasini, mkono mmoja umeinuliwa juu, kama ameshikwa.

Nikaita, "Mwende, niangalie!"

Akageuka. Akaichekea simu, vizuri kabisa, kama siku zote. Halafu akaendelea kwenda.

"Usikate," mume wangu alikuwa anasema. "Usikate, Mama Mwende, nimwone."

Sikukata. Niliiacha simu ikaanguka. Nikakimbia mikono mitupu, nikaita tena, na safari hii mtoto alipogeuka hakuwa na kitu cha kutafuta isipokuwa uso wangu. Aliuangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka. Kisha akaanza kulia, akanikimbilia. Nilipiga magoti kumpokea, kichwa chini, na hapo nikasikia kiganja kikavu, chenye joto, kimetua utosini mwangu. Kilikaa kidogo. Nilipoinua uso kulikuwa na nyasi peke yake.

Mama wa boma la jirani aliniambia hapo ploti palikuwa na boma la kokoo mmoja aliyesalimia kila mtoto aliyepita, na wajukuu walipouza shamba wakaenda, hakubaki mtoto wa kumwinamia. Hakusema ni yeye. Hiyo nimejazia mimi.

Na mume wangu? Alisikia ile "Iko." Lakini kuona, anasema aliona mtoto peke yake, na simu ilipoanguka, mawingu tu, muda mrefu, na upepo. Hanilaumu na haniamini, nami siwezi kumlaumu. Tangu siku hiyo sipigi video. Akipiga, namwekea Mwende simu sikioni, anaongea bila kuonwa, kama simu za zamani. Simu zake zimekuwa fupi. Najua anakaa kwa lile ghala bila sura yetu, na ni mimi nimemnyang'anya. Je, kuna njia ya kati? Sijaipata.

Kila jioni, saa ile aliyonigusa kokoo ikifika, utosi wangu unapata joto. Ndipo naacha ninachofanya, namtafuta Mwende kwa macho.

Wewe uliye na mtoto, mwite leo. Angalia anageuza uso wapi. Akiitafuta simu kwanza, iweke chini kabla mwingine hajamshika mkono.

Jioni hii tumekula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, na kunde. Mwende amemaliza sahani yake yote akiniangalia usoni, na kiti cha tatu kimekaa wazi.