Ng'ombe Kumi na Mmoja Nisiowataka

Katika maisha yangu nimenunua ng'ombe kumi na mmoja ambao sikuwataka. Niliowataka siwezi kuwahesabu, maana tangu reli ifike Korogwe mimi ndiye ninayeulisha nyama mji huu, na yule Mdachi wa shamba la mkonge, mkali kama alivyo, hagusi paja lililotoka kwa mchinjaji mwingine. Hao wa kisu ni kazi. Hao kumi na mmoja niliwanunua kwa sababu ya kitu kilichoning'inia shingoni mwao.

Kengele. Mke wangu alinicheka tangu wa kwanza. Alisema, "Baba watoto, wewe ni mtu wa kuoa mwanamke kwa sababu ya hereni zake." Mwanamke aliyeolewa na mtu mwenye nyumba ya bati anaruhusiwa kucheka.

Mimi sikusoma. Nilianza kwa kubeba mizigo ya watu kichwani kutoka Handeni kwenda pwani, na kila nilicho nacho nimekitoa kwenye shingo hii. Herufi nilifundishwa na karani wa mizani pale stesheni, kwa malipo ya ini kila Ijumaa. Anayesoma hapa akiona kosa amlaumu karani, kwa maana ini lilikuwa zima.

Nilikuwa na chumba cha nyuma ambacho ufunguo wake niliuvaa shingoni. Ndani nilifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kengele zilitundikwa hapo, arobaini kasoro moja. Kila moja niliiziba mdomo kwa tambara ili upepo ukipita isitoe sauti. Sikutaka jirani ajue. Jirani akijua, muuzaji atajua, na muuzaji akijua unapenda kitu, hicho si kitu tena, ni ndoano.

Kwa hiyo nilikuwa na njia zangu. Nikimwona ng'ombe mwenye kengele ninayoitaka, siitazami. Namshika ng'ombe mdomo, nahesabu meno. Nalalamika kwato. Nauliza maziwa, naambiwa uongo, nasikitika. Halafu naondoka. Narudi baada ya wiki mbili, wala si wiki moja, kwa maana anayerudi baada ya wiki moja amelala akiota. Wakati huo moyo wangu unadunda mpaka namwogopa mwenye ng'ombe asiusikie. Kengele nisiyoipata huisikia hata kisu kikiwa mkononi. Nikishaipata, nikaitundika, siku ya tatu siisikii tena, nasikia nyingine.

Kulikuwa na tatizo lingine, na mfugaji yeyote wa huku analijua. Ukinunua ng'ombe, unapewa ng'ombe. Kamba na kengele hubaki kwa aliyeuza. Wanasema ukitoa kamba umetoa na baraka ya zizi, na ukitoa kengele umempa mtu sauti ambayo ng'ombe wako wote wanaifuata. Mwizi akiwa nayo, haji na rungu. Anatembea mbele akiiliza, na zizi zima linatoka nyuma yake kama watoto wa chuo cha Kurani.

Basi mimi nilikuwa naazima. Nasema, "Mzee, njia ni ndefu na pori ni nene, huyu ng'ombe atanipotea. Niazime kengele mpaka nifike, nitairudisha na mfuko wa chumvi." Chumvi napeleka kweli, mimi si mwizi. Kengele nasahau. Mtu akishapata chumvi anaona haya kudai chuma kilichokunjwa. Kwa njia hiyo kumi walinipa kengele zao, na nyingine nilizipata kwa watu ambao ugonjwa wa sotoka uliwamalizia ng'ombe wakabaki na kengele za kutundikwa ukutani.

Watu walinigundua hata hivyo. Pale sokoni alitokea mhunzi mmoja akaanza kuniletea kengele "za babu." Zilikuwa na masizi, zina kutu, zinanuka samadi. Nilizigeuza nikatia kidole ndani. Kengele iliyovaliwa miaka ina kishimo pale ulimi unapogonga, laini kama ukucha. Zake zilikuwa zimezeeshwa kwa nje tu. Nilimuuliza, "Babu yako alikufa lini, jana?" Akacheka, mimi sikucheka. Nilitaka kujua nani alimwambia kwamba mimi nanunua. Mpaka leo sijajua. Nilimshuku karani wa mizani, nikampunguzia ini.

Sasa ile kengele.

Upande wa Handeni, kwenye milima ya Nguu, alikuwepo mhunzi aliyekuwa anatia kengele ulimi wa pembe ya pofu, yule swala mkubwa wa porini, badala ya chuma. Sauti yake haikuwa ya kulia, ilikuwa kama mtu anayegonga mlango akijua yupo mgonjwa ndani. Begani mwa kila kengele alikwaruza mistari mitatu. Alikufa kabla ya Wadachi kujenga boma Handeni, na watu wa huko walisema alitengeneza nne tu za namna hiyo. Moja ilifuliwa ikawa jembe wakati wa njaa. Mbili nilikuwa nazo mimi. Ya nne niliisikia kwa masikio yangu nikitoka Mashewa kununua mbuzi, ikitoka nyuma ya vichaka, nikakaa chini juu ya jiwe kama mtu aliyepigwa.

Ilikuwa kwenye shingo ya ng'ombe jike mwekundu, kiongozi wa zizi la mzee mmoja Mshambaa aliyeshuka kutoka milima ya Dindira zamani, akaweka ng'ombe wake bondeni pale Mashewa. Nilifuata taratibu zangu zote. Wiki mbili baadaye nilirudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe uliyewatukana ng'ombe wangu kwato?"

"Sikuwatukana mzee, niliwahurumia."

"Haya, leo umekuja kumhurumia nani?"

Nilizunguka zizi lote. Nikataka dume, nikamkataa. Nikataka mtamba, nikamkataa. Mwisho, kama mtu aliyechoka, nikasema nitamchukua hata yule mwekundu mzee, nyama yake ngumu lakini Wadachi wana meno. Akataja bei ya ng'ombe wawili. Nililipa. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana mzee yule hakushangaa nilipolipa. Alinitazama tu, kisha akavua kamba, akavua kengele, akavishika mkononi.

Nikaimba wimbo wangu wa njia ndefu na pori nene. Niazime, mzee, nitairudisha na chumvi.

"Una haki," akasema. "Huyu bila kengele haendi. Basi nitakuja nayo mwenyewe, nikishakufikisha nirudi nayo. Chumvi baki nayo."

"Usijisumbue mzee wangu, miguu yako..."

"Miguu yangu ni ya mlimani. Twende."

Tulitembea siku nzima. Yeye mbele, kengele shingoni mwa ng'ombe, mimi nyuma nikiisikia. Wakati wa kuvuka mto Lwengera niliomba Mungu mzee ateleze, si azame, ateleze tu aumie kidogo arudi kwao. Hakuteleza. Aliniuliza maswali ya kawaida: nina watoto wangapi, nyumba yangu ina milango mingapi, zizi langu linakaa ng'ombe wangapi. Nilimjibu kwa majivuno, nyumba yangu ina milango mitano. Leo nikikumbuka maswali yale naona hakuna hata moja lililokuwa la kawaida.

Tulifika Korogwe, akalala kwangu, akala maini. Asubuhi nilimchelewesha. Nilimpa chai, nikamtembeza stesheni aone gari la moshi likipumua. Nilitumaini ataona haya kumvua ng'ombe kengele mbele ya mwenyeji aliyemkirimu hivyo. Mchana alisimama uani, akaishika kengele, akaigonga kwa ukucha.

"Mwanangu," akasema, "tazama vizuri uage. Kitu hiki ni cha peke yake. Hakuna kingine duniani."

Nyamaza, nilijiambia. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nilikuwa nimefunga chumba kile miaka minane, hakuna mtu aliyewahi kuniambia "hongera." Mke wangu haingii, anasema kunanuka ng'ombe waliokufa. Na sasa mtu wa kwanza anayejua kengele ni nini anasimama kwangu na kuniambia hakuna nyingine.

"Zipo mbili," nikasema. "Ninazo."

"Aa wapi."

Nikautoa ufunguo shingoni.

Aliingia polepole, akavua viatu mlangoni kama anaingia msikitini. Alipita chini ya kamba akiangalia juu, mikono nyuma. Mara nikaitwa mbele, askari wa boma amekuja kuchukua nyama yake, na askari hasubirishwi. Sikukaa sana. Nimpimie, nimfungie, anitanie kidogo, nirudi.

Niliporudi mzee alikuwa amesimama mbele ya kengele moja kati ya zile mbili. Macho yake yalikuwa na maji.

"Hii ni ya marehemu mdogo wangu," akasema. "Tulinunua pamoja, yake na yangu, kabla ya sotoka. Mwaka wa nzige aliibiwa ng'ombe wake wote na hii ikaenda nao. Toa tambara, utaona ulimi umefungwa kwa ngozi ya kenge. Nilimfungia mimi."

Nilitoa tambara. Ulimi ulikuwa umefungwa kwa ngozi ya kenge.

Kengele ile niliinunua Kabuku, kwa mtu aliyekuwa na haraka. Sikumuuliza haraka ya nini. Lakini tambara lile nililitia mimi kwa mkono wangu, nikalisukuma mpaka ndani, na nilipolitoa siku ile lilikuja kirahisi, kama limetolewa na kurudishwa muda huo huo.

"Mzee," nikasema, "umeligusa tambara?"

"Nigusie nini? Najua vya kwetu." Akajifuta macho. "Mwanangu, mimi si mtu wa kwenda kwa akida."

"Kwa akida kwa lipi?"

"Ndiyo nasema siendi. Mimi nakujua, nimekula kwako. Lakini akida hajala kwako. Ataona kengele arobaini na ng'ombe mmoja, atakuuliza wengine wako wapi."

Nilitazama chumba changu kwa macho ya akida. Kufuli mlangoni, kengele za watu kutoka Handeni mpaka Mashewa, kila moja imezibwa mdomo. Hata mimi ningejipiga viboko.

Nilimpa. Akaitia mfukoni mwa kanzu, akatoka uani, akamvua ng'ombe mwekundu ile yake, akanishukuru kwa maini. Alipopita langoni aliigonga ile yake mara moja. Kutoka mfukoni ile nyingine ikamjibu. Alitembea nazo hivyo mpaka darajani, nikazisikia mpaka zilipoishia.

Mke wangu alisimama mlangoni na kibuyu cha maji. "Yule mzee," akasema, "alipokuwa chumbani, ulipokwenda kwa askari, nilisikia kengele nyingi nyingi, moja baada ya moja. Nikadhani ni wewe unamwonyesha."

"Kwa nini hukuniita?"

"Niite kwa sababu kengele imelia? Kengele si kazi yake hiyo?"

Kesho yake asubuhi yule ng'ombe mwekundu hakuwepo. Alikuwa ameuangusha mti wa zizi akaifuata sauti yake.

Nilikwenda Mashewa siku ya tatu na watu wawili wa kunisaidia kumswaga. Nilimkuta kwenye zizi la mzee, amenenepa kwa siku tatu, na kengele iko shingoni. Ile ya marehemu ilikuwa shingoni mwa mtamba. Zikitembea zilizungumza. Nilisimama pale nikajifanya nahesabu kwato.

"Ng'ombe wako yule," mzee akasema kabla sijafungua mdomo. "Sikumwita, amekuja mwenyewe. Mchukue. Ila hatakwenda bila kengele, unamjua. Kama unataka, nije naye tena mpaka kwako. Tutalala, tutakula maini, utanionyesha zile ambazo sikuziangalia vizuri."

Wenzangu wakacheka. Nikapiga hesabu ya haraka, mimi ambaye nimejitoa kwenye mizigo ya kichwani: ziara moja ya mzee yule ni kengele moja.

"Abaki," nikasema. "Nimemweka kwako unifugie, kama watu wanavyowekeana. Ndama nusu kwa nusu."

"Umefanya jambo la kiungwana," akasema.

Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu wa Korogwe, kwamba nina ng'ombe nimemweka Mashewa. Ni kweli. Nakwenda kumwona kila baada ya wiki mbili, na mzee ananikaribisha vizuri kuliko ndugu. Nimekaa pale jioni nyingi nikisikia kengele mbili zikirudi kutoka malishoni, na nimemuuliza maswali ya kawaida, na yeye amenijibu ya kawaida.

Mara ya mwisho nilikwenda nyuma ya nyumba kujisaidia. Kuna kibanda kidogo cha udongo huko, mlango wa mbao nzito, kufuli ya pwani. Nilimuuliza humo mna nini.

"Chumvi ya ng'ombe," akasema. "Mbuzi wanaiba."

Nilipoaga nilizunguka tena kwa upande ule, nikajifanya nafunga kiatu, nikaweka sikio ukutani. Upepo ulikuwa unavuma kutoka milimani, majani ya paa yalikuwa yanacheza. Ndani hakukusikika kitu. Nimechinja miaka mingi na nimesikia kimya cha kila namna, na kile nakijua, nimekitengeneza mwenyewe miaka minane kwa matambara.