Samaki wa Dada

Leo sokoni mama mmoja amenifungia samaki kwenye jani la mgomba. Kabla sijafika nyumbani, harufu ya jani lililopata moto ilikuwa imenirudisha utotoni, kwenye kiti cha basi.

Kwaya ya kanisa letu ilikodi basi kutoka Kishanda kwenda Bukoba kuona ziwa. Mama alibaki nyumbani na dada yangu, aliyekuwa na homa.

"Uniletee samaki," dada aliniambia akiwa kitandani. "Usimle njiani."

Kule ufukweni shangazi, niliyesafiri naye, alinifungia kwenye jani la mgomba samaki mmoja aliyetoka kukaangwa. Jioni tukarudi tukiimba, basi zima likinuka dizeli na ndizi mbivu, nami nimemficha samaki ndani ya sweta asipoe.

Wimbo ulikatika tulipokata kona ya kwetu. Wanaume walikuwa wamekaa nje wameuzunguka moto, na kilio cha wanawake kilisikika kutoka ndani. Dereva akazima injini. Hakuna aliyeinuka, mpaka shangazi aliponishika mkono tukashuka, na wanakwaya wakatufuata wakiwa na sare zao.

Mama alitoka akanikuta barabarani, nimekumbatia sweta.

"Una nini hapo, mwana wange?"

"Samaki wa dada. Sijamgusa."

Akaingiza mkono ndani ya sweta, akalipapasa lile jani muda mrefu.

"Bado wa moto," akasema, akakaa chini palepale kwenye vumbi.