Upande wa Pili wa Miti

Fundi Alama, kama walivyomwita kazini, alikuwa mtunza njia katika hifadhi ya msitu wa pwani. Kwa miaka kumi na tisa alipaka alama nyeupe kwenye miti, kuanzia getini hadi ufukweni, ili watembezi wasipotee. Akimaliza alirudi kwa kupita mchangani, na watembezi nao walirudi huko huko. Hakuwa mtu wa makeke. Alitaka kitu kimoja tu: cheo cha msimamizi wa njia, ambaye alikuwa anastaafu mwezi huo.

Jumamosi moja shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alikwenda kutembea na wanawake wenzake. Katikati ya msitu, mmoja wao akateguka mguu, wakaamua kurudi kwa njia ile ile waliyojia. Walizunguka saa nne ndipo wakapatikana, wamechanwa na miiba na hasira ziko puani.

Ofisi, ambayo kwa kawaida huandika barua moja kwa wiki mbili, ilimaliza taarifa siku hiyo hiyo: wageni hawakufuata alama. Ilibaki saini ya Fundi Alama tu. Mkuu wa hifadhi alimdokezea kuwa akisaini, cheo ni chake.

Shemeji hakugomba, na hilo lilimtisha Fundi Alama, maana mdomo wake mtaa mzima uliujua. Alimwuliza tu, "Shemeji, alama tulizitafuta kwa macho haya. Wewe umewahi kurudi kwa njia ile?"

Hakuwahi.

Kesho yake aliingia msituni kutokea ufukweni. Mti wa kwanza, gome tupu. Wa kumi, gome tupu. Alama zote alizipaka upande unaotazama geti, alioufikia kwanza. Aliona aibu, akaketi chini. Alijua pia kwamba akisaini hakuna atakayekuja kukagua, kwani wakubwa wa ofisini na jasho walikuwa mbali mbali.

Akaikata ile sentensi ya ofisi, akaandika: "Alama za kurudia hazikuwepo. Kosa ni langu." Mkuu alisoma mara mbili, akamwambia amejipalia makaa mwenyewe.

Cheo alipewa mkata tiketi wa getini, aliyeujua msitu kwa kuuchungulia dirishani. Iliuma, tena sana. Ikapita wiki. Agizo la kwanza la msimamizi mpya lilikuwa kwamba miti yote ipakwe upande wa pili. Alipolipeleka msituni, alimkuta mtunza njia amebakiza miti sita.

"Sawa, bosi," alijibu Fundi Alama, akachovya brashi.