Shina Moja la Bwana Shamba

Habari za msiba nimezipata Jumanne, kwa abiria mmoja aliyeshuka Masasi na basi la asubuhi kutoka Newala: Bwana Shamba ametutoka, na amezikwa kwao Kitangari. Wasomaji wangu wa siku nyingi msijisumbue kumkumbuka, maana sikuwahi kumwandika hata mstari mmoja, na hilo ndilo linaloninyima raha tangu juzi. Alikuwa afisa kilimo wa kata moja kule juu, kwenye uwanda wa Newala, mwembamba, shati limepigwa pasi, daftari la jalada gumu kwapani. Hakuweza kukuambia mvua imenyesha bila kufungua daftari kuhakikisha ilinyesha saa ngapi.

Tulifahamiana miaka ile biashara ya korosho ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakamiminika na malori yao. Malori yalishuka na korosho, na yalipopanda tena hayakuwa matupu. Chini ya magunia ya chumvi na sabuni kulikuwa na bangi, jambo lililojulikana na kila mtu isipokuwa wale wanaolipwa kulijua. Mwishowe serikali ikatangaza vita. Ukaja waraka kwamba kila kata iwafundishe wananchi kuutambua mmea huo ili waung'oe. Waraka haukuwa na picha. Bwana Shamba, aliyezoea kufundisha palizi ya muhogo akiwa ndani ya shamba la muhogo, akaandika kwa wakubwa kuomba kibali cha kuotesha shina moja la mfano. Akajibiwa kwa barua yenye mhuri kwamba wazo lake ni zuri. Alinionyesha barua hiyo kabla ya kuiweka kwenye faili la ofisi, kama taratibu zinavyotaka.

Shina likaoteshwa kwenye debe nyuma ya ofisi ya kata, na kibao kimeandikwa MFANO. Mkewe alilimwagilia maji aliyoyafuata bondeni na kuyapandisha mlima kichwani, huku wenzake wakimuuliza kama siku hizi serikali nayo ina kiu. Siku ya somo nilikuwepo, na watu walijaa kuliko mkutano wowote wa korosho niliowahi kuuona. Bwana Shamba akaeleza majani, akaeleza shina, akaeleza harufu. Alipouliza kama kuna swali, bibi mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Mwanangu," alisema kwa upole, "debe hilo dogo. Tena hapo nyuma ya ofisi jua linachelewa kufika. Litadumaa hilo." Wazee wakaitikia kwa vichwa, na mmoja akaongeza ushauri wa samadi. Bwana Shamba akaandika yote. Nilicheka mpaka nikajitenga kando.

Mwezi haukuisha, wakaja askari wa operesheni, wageni, wakiwa na haraka ya kurudi na ushindi. Walizunguka mashamba wasione kitu. Wakaingia ofisini kuomba kumbukumbu, na Bwana Shamba, mtumishi mwaminifu, akawafungulia daftari: bangi, shina moja, lipo nyuma. Wakamkamata.

"Afande, mtu anayeficha haweki kibao," aliwaambia.

"Hayo utayasema mahakamani, mzee."

Barua ikatafutwa kwenye faili, haikuonekana. Aliyeitia saini alikuwa amehamishwa. Akabaki mtu mmoja aliyeiona, na mkewe akateremka Masasi kunifuata.

"Shikamoo, baba. Wewe uliisoma ile barua. Kesi ni Alhamisi."

"Marahaba, mama. Nitafika."

Sikufika. Alhamisi hiyo palikuwa na sherehe ya kampeni ya kupiga vita bangi mjini, na mfadhili wa fulana na chakula alikuwa mnunuzi mmoja wa korosho ambaye lori lake tulilijua sote. Mhariri alitaka habari ya sherehe, nami niliogopa kuwaudhi waliokaa meza kuu. Nikaandika kwamba vita vinakwenda vizuri. Katika operesheni nzima pale katani liliteketezwa shina moja tu, lile lililoandikwa daftarini. Bwana Shamba alikaa ndani miezi kadhaa. Alipotoka alikuta serikali inapunguza wafanyakazi, na jina lake ndilo la kwanza.

Miaka ikapita, tukakutana stendi ya Masasi. Nilitamani kujificha nyuma ya basi, lakini akaniwahi kwa salamu, akauliza hali ya watoto wangu kila mmoja kwa jina. Nikaanza kujieleza, akanikatiza bila hasira. "Usihangaike, ndugu yangu. Nilishaandika." Akanifungulia daftari. Kwa mwandiko wake ulionyooka palisomeka: Alhamisi, mvua hakuna, shahidi hakufika.

Tangu hapo nimesikia kampeni nyingi zikitangazwa, na kila mara najiuliza ni mtu gani mkweli safari hii atakayekuwa wa kwanza kukamatwa, na ni nani atakayekuwa na shughuli nyingine siku hiyo. Nilichojifunza ni kwamba wenye malori hawakuhitaji kumnunua shahidi. Nilijizuia mwenyewe, bure, bila hata senti yao. Kwa hiyo mjane wake, kama gazeti hili linafika Kitangari, naomba aandike kwenye ukurasa uliobaki wa lile daftari: shahidi amefika, amechelewa, na anasema barua aliiona. Ilikuwa na mhuri.