Vumbi Kwenye Kidole cha Tumpe

Tumpe hajui kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, na ndiyo maana nampenda. Hapa kituoni kwetu, kituo cha afya cha huku Idodi, wanamwita mkaidi. Wanasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Waseme. Mimi ni nesi, nimezika watoto wa watu kwa sababu ya watiifu, wala sijawahi kumzika hata mmoja kwa sababu ya Tumpe.

Ni mtoto wa Iyunga, Mbeya. Ufundi kajifunzia gereji moja ya Mwanjelwa, ambako mwaka mzima wa kwanza walimtuma kupika chai. Akawa anaitia chumvi kila siku, hadi wakachoka wakampa spana. Alipoletwa kwetu alikabidhiwa chombo kimoja tu: pikipiki ya matairi manne inayonipeleka kuchanja watoto kwenye vitongoji vya wafugaji, ng'ambo ya korongo, kule ambako gari huzama mchangani.

Kabla yake tulikuwa na kingine kama hicho, tukakiua sisi wenyewe. Sponji ya chujio la hewa ilikuwa imechakaa, na mtu akasema sponji ni sponji, tukate kipande cha godoro. Mkasi niliushika mimi. Nilikata vizuri, nikasifiwa. Kumbe godoro likilowa oili hulegea na kumeguka, na injini ikawa inavuta vumbi la Idodi pamoja na makombo ya godoro. Mwezi wa tisa ikafa. Miezi mitatu, mpaka kikaja kipya, hatukuvuka korongo, na surua ikavuka kabla yetu. Yunisi, mama mmoja wa huko, akamzika mwanawe Gideoni, mwenye miaka miwili. Mkasi ule bado ninao kabatini, na sijautumia tena.

Tumpe alikuja na sponji mbili, moja ya kazini na moja ya mapumziko. Kila nikirudi safari anaitoa iliyochafuka, anaifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni, anaikamua kwa viganja bila kuisokota, kisha anaianika kivulini. Ikikauka kabisa anaipaka oili yake mpaka rangi ilingane kila mahali, na ukingo wa sponji, ambao yeye huuita mdomo, anaupaka grisi ili ushike. Halafu anapaka grisi nyembamba ndani ya bomba la hewa liendalo kwenye injini, nyuma ya chujio, mahali ambapo vumbi halipaswi kufika.

"Huyu ndiye shahidi wangu," aliniambia, akinionyesha grisi ile. "Nikikuta kachafuka, najua vumbi limepata mlango."

Mwaka huu, Julai, sponji zote mbili zilichanika. Tumpe aliandika aina na namba kwenye karatasi, akampa mkuu wetu wa kituo, Bwana Liberatus, aliyekuwa anakwenda Iringa mjini. Akarudi na nyingine. Karatasi alikuwa ameisahau mezani.

"Inafanana kabisa," alisema.

Tumpe akaijaribu, akamulika kwa tochi ya simu. Upande mmoja mdomo ulipwaya, upana wa ukucha tu.

"Haikai, bosi. Sitoi chombo."

"Tumpe, akina mama wanasubiri kule. Barafu inayeyuka. Hii ni amri."

"Nimeisikia. Sitoi."

"Nitakuandikia barua."

"Andika, bosi. Ila uandike na sababu."

Bwana Liberatus si mtu mbaya, lakini hapendi kukatazwa mbele za watu. Akanyoosha mkono, akachukua ufunguo mwenyewe. Tumpe hakumzuia. Ila kwanza alifungua bomba, akalifuta likang'aa, akapaka grisi safi, kisha akarudisha sponji ile inayopwaya na kufunga kifuniko.

"Panda, sista," Bwana Liberatus aliniambia.

Nikaukumbuka mkasi. "Barafu inakaa hadi jioni, bosi, na ni kilomita tisa tu. Nitatembea."

Tumpe akanipokea kisanduku cha chanjo, akakitupia begani, tukaondoka. Hatujafika mbali Bwana Liberatus akatupita, anapiga honi, ametuachia vumbi la kutosha kupikia ugali.

Tulimkuta ng'ambo ya korongo, kwa Yunisi, amekaa kwenye kigoda anakunywa maziwa. Akina mama walikuwa wamekusanyika na watoto wao.

"Mbona imefika?" aliuliza, akicheka.

"Leo itafika," Tumpe akajibu. "Kesho pia itafika. Itakufa mwezi wa tisa, kama mwenzake."

Akafungua kifuniko, akatoa sponji, akaingiza kidole ndani ya bomba. Kilipotoka kilikuwa chekundu kwa vumbi hadi kwenye kiungo. Akakiinua ili wote wakione.

Yunisi alikuwa amempakata mtoto wake mwingine, aliyemfuata marehemu Gideoni, akisubiri zamu. Alisogea, akakitazama kidole kile.

"Daktari," aliniuliza, kwani huku hata nesi ni daktari, "vumbi hili ndilo lililowachelewesha mwaka ule?"

"Ndilo," nikasema. "Na mkasi niliushika mimi."

Sikuwa nimewahi kumwambia. Yunisi alikwenda kwenye pikipiki, akachomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kitenge chake.

"Itakaa kwangu mpaka sponji yake ije," alimwambia Bwana Liberatus. "Wewe baba, utarudi kwa miguu."

Bwana Liberatus aliangalia viatu vyake, vile vya ofisini, kisha akaniangalia mimi.

"Maji ya kunywa ninayo, bosi," nikamwambia. "Nikimaliza kuchanja tutaondoka wote."

Nilianza na mtoto wa Yunisi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshika mkono, na hakunitazama usoni hadi nilipomaliza.

Sponji sahihi ilifika Ijumaa kwa basi kutoka Mwanjelwa. Tumpe aliwapigia simu mafundi wake wa zamani. Barua ya onyo ilifika Jumatatu. Kosa lililoandikwa: kukataa amri ya mkuu wa kituo. Nilitaka ampinge, akate rufaa, afanye fujo. Yeye akaisoma mara moja akaomba kalamu.

"Kwani si nilikataa?" alisema, akasaini kwa herufi kubwa.

Chini ya jina lake palikuwa na nafasi ya shahidi. Nikachukua kalamu, nikasaini mimi.