Altaneta Nyuma ya Mlango

Mtu akiniuliza altaneta, kile chombo kinachochaji betri ya gari, hukaa muda gani kabla ya kubadilishwa, humjibu kama fundi wangu wa Mkuyuni alivyonijibu mimi: inategemea nani anaishika. Sikulipenda jibu hilo nilipolisikia mara ya kwanza. Nilikuwa dereva wa miaka mingi na sikuwa na subira na mtu aliyetaka kunifundisha gari.

Ilikuwa miaka ya tisini. Shirika nililoliendeshea malori lilikuwa limekufa na sisi wafanyakazi tumepunguzwa. Magari yaliyotumika Japani yalikuwa yakiingia kwa wingi, na kiinua mgongo changu kiliishia kwenye pikapu moja nyeupe ya dizeli, yenye maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hakuna aliyeweza kutusomea. Mimi niliamini yanataja duka la samaki. Mama yangu, alipoelezwa kuwa kuna maandishi, aliamini ni maneno ya dini na akanikataza kuyapaka rangi.

Tulikaa Mkolani, Mwanza, mimi, mke wangu, watoto na mama. Kazi yangu ikawa kubeba chochote: nyanya, mabati, magunia ya mchele, vitanda vya watu wanaohama kwa kugombana na wenye nyumba. Nilikuwa bosi wangu mwenyewe na nililionyesha hilo kwa kutomsikiliza mtu.

Malori ya shirika yalikuwa ya petroli, ya zamani, na yalitumia dinamo badala ya altaneta. Kupima dinamo tulirithishana njia moja tu. Gari likiwa linawaka, unachomoa waya wa betri. Injini ikizima, dinamo haichaji. Ikiendelea kunguruma, dinamo ni nzima, unarudisha waya na kwenda zako. Madereva wa rika langu wote walipima hivyo, na aliyeomba mita tulimcheka.

Baada ya mwaka hivi pikapu ikaanza kunionyesha dalili. Taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi haikuzima sawasawa, ilibaki na wekundu hafifu. Taa za mbele zilififia nikisimama, nikikanyaga mafuta zinang'aa. Asubuhi stata ilizunguka kwa uvivu. Dawa yangu ilikuwa mteremko. Mwanza ni mji wa vilima, na dereva mkaidi anaweza kukaa miezi bila kuitegemea betri: unapaki gari pua ikitazama chini, unakinga matairi kwa mawe mawili, asubuhi unaondoa mawe, gia ya pili, linawaka. Pale Mkolani nilikuwa na mteremko mzuri kuliko jirani yeyote, na nilijivunia kana kwamba nimeujenga mimi.

Mke wangu ndiye aliyenisukuma niende kwa fundi, kwa sababu ya mama. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa amefika mahali pa kututambua kwa hatua zetu tu, na mboga alichambua kwa vidole. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Sengerema, ng'ambo ya ghuba, kwa siku tatu, na baada ya hapo wasingerudi mpaka mwaka unaofuata. Jina la mama lilikuwa limeandikwa siku ya tatu, afike asubuhi. Alikuwa na neno moja tu wiki hiyo nzima. Alitaka kumwona mjukuu wake mdogo, binti yangu, aliyezaliwa macho ya bibi yake yakiwa yameshafunga.

Basi siku nne kabla ya safari nikaenda Mkuyuni. Fundi alikuwa mtu wa umri wangu, mwana wa fundi, kofia yake ya kufuma haikuwahi kuwa na tone la oili. Akapima kwa mita yake ya sindano, akatega sikio.

"Altaneta inachaji kidogo mno," alisema. "Nadhani kaboni zinakaribia kwisha. Niachie gari mpaka saa nane, niifungue."

Kaboni ni vijiti viwili vyeusi ndani ya altaneta, vinalika taratibu kama penseli. Nilijua. Nilikuwa na mzigo wa mabati unanisubiri, na nilikuwa na maoni yangu.

"Kwani kitu hiki kina umri gani wa kuishi?" nikamuuliza.

"Hizi za mtumba hatujui zimetembea kiasi gani huko zilikotoka. Kaboni zikiisha tunabadilisha, chombo kinaendelea. Beringi zikilia, tunabadilisha beringi. Kikiungua cha ndani ndiyo unatafuta nyingine. Inategemea nani anaishika."

Hilo la mwisho nililichukua kama tusi. Gari lilikuwa linanguruma. Nikainama chini ya boneti, nikashika kichwa cha waya wa betri, nikachomoa. Cheche moja, basi. Injini haikukohoa hata kidogo.

"Unaona?" nikasema. "Nzima."

Fundi hakupandisha sauti. "Rudisha waya, bwana. Hiyo ni dizeli. Haizimi kwa kukosa umeme, hata ukiitupa betri ziwani. Na hivyo ulivyofanya ndivyo altaneta zinavyokufa. Dinamo ilivumilia, hii haivumilii."

Nikafunga boneti, nikamwambia nitarudi baada ya safari. Wateja wengine walikuwa wanatazama, na mimi sikuwa mtu wa kuambiwa mbele za watu kwamba sijui gari.

Tangu saa ile taa nyekundu haikuwa hafifu tena. Iliwaka moja kwa moja, na ilinikera, kwa hiyo nikaibandika kipande cha plasta. Naandika haya na bado naona aibu. Mtu mzima, baba wa watoto, anaziba taa ili asiione.

Siku ya safari mama aliamka kabla ya wote. Alivaa gauni la kanisani, akajifunga kitenge kipya, akabeba kikapu chake chenye viazi vya kuchemsha. Gari liliwaka kwa mteremko kama kawaida. Tulipofika Usagara nikapiga honi kumfukuza ng'ombe barabarani, ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Taa ya kuonyesha kona nayo haikupepesa. Nikajua betri imekwisha. Sikumwambia mama. Dizeli ikishawaka inakwenda, nikajisemea, mradi nisizime.

Sasa, barabara ya Sengerema inakatwa na maji, na kwenye kivuko sheria ni moja: abiria washuke, injini zizimwe. Pale Kigongo nilikaa kwenye foleni nikiunguruma peke yangu. Zamu yetu ilipofika, kijana wa kivuko akaja dirishani.

"Dereva, zima gari."

"Ndugu yangu, likizima haliwaki. Nina mgonjwa."

"Basi liache huku, mgonjwa avuke kwa miguu. Ng'ambo magari yapo."

Lilikuwa shauri jema, na bure. Kulikuwa na lori la pamba mbele yetu na basi dogo nyuma, yote yanakwenda Sengerema. Mimi nikaona nitaonekanaje, dereva mzoefu, kumpeleka mama yangu hospitali kwa kuomba lifti. Nikaingiza gari kivukoni, nikazima.

Upande wa Busisi, ubao uliposhushwa, stata ilitoa mlio mmoja wa "tik" na kunyamaza. Mbele yangu kulikuwa na mwinuko, si mteremko. Maisha yangu yote ya Mwanza nilikuwa nimezoea kuteremka. Watu wakasukuma, wanaume kumi au zaidi, wakitukana kwa Kisukuma na Kijita, mpaka pikapu ikatoka kwenye kivuko na kuegemezwa kando. Mama alisimama ukingoni na kikapu chake, uso umeelekezwa kwenye kelele. Dereva wa lile basi dogo akasimama kwa hiari yake.

"Mama shikamoo. Nafasi ya mbele ipo, twende."

Mama akaanza kupeleka mkono kutafuta mlango. Mimi nikasema, "Asante, sisi tunawaka sasa hivi." Basi likaondoka.

Hatukuwaka sasa hivi. Tulisukuma tena, tukachoka, tukasubiri lori la kutuvuta kwa kamba. Tulifika hospitali jua limeshapita kichwani. Muuguzi alikuwa mpole. Alisema walimwita mama mara tatu, na wapo waliolala pale barazani bila kuandikwa, wakisubiri nafasi ya asiyefika. Nafasi ikajazwa. Akamwandika wa kwanza kwa mwaka unaofuata.

Wakati wa kurudi, gari likiwa limewashwa kwa kusukumwa na jamaa za wagonjwa, mama aliniuliza ni nini kilichoharibika. Sisi tulizungumza Kisukuma, nayaandika kwa Kiswahili.

"Kuna kidude kinachorudisha umeme kwenye betri," nikamwambia. "Kimezeeka. Muda wake umekwisha."

Akakipakata kikapu chake. "Basi, baba. Kama kimezeeka, kimezeeka. Hata mimi nimezeeka."

Fundi wa Mkuyuni alipoifungua ile altaneta alinionyesha. Kaboni zilikuwa na kazi bado ya wiki kadhaa. Kilichokufa ni diodi, vipande vya ndani visivyovumilia waya wa betri kuchomolewa, zote kwa mpigo mmoja. Hakuniuliza ni nani aliyeziua. Diodi za aina ile hakuwa nazo, kwa hiyo akanifungia altaneta nyingine ya mtumba, na ile ya kwanza nikairudisha nyumbani kwa sababu sisi hatutupi spea.

Mke wangu akaiweka nyuma ya mlango wa uani, izuie usigongwe na upepo wa ziwani. Ikakaa pale mwaka mzima. Mama aliizoea, aliisogeza kwa mguu kila asubuhi na kuirudisha jioni. Wageni walipomuuliza habari za macho, aliwaeleza yote, kisha akaitetea. "Msikilaumu," alisema, "kilikuwa kizee kama mimi." Watu walicheka naye. Mimi nilikuwa natoka nje. Binti yangu katika mwaka huo alianza kutembea, akaota meno, akajifunza kuongoza mkono wa bibi yake kwenye kikombe.

Mwaka uliofuata tulivuka siku moja kabla. Kwa basi.

Jicho moja lilifanyiwa, likaona. Siku ya kurudi nyumbani mama alimshika mtoto usoni muda mrefu, akamkagua kama anayenunua kitu asichotaka kukosea. Kisha akaanza kuzunguka nyumba, akitazama kila alichokuwa anakijua kwa mkono: sufuria, picha, ufa wa ukutani. Akafika mlango wa uani, akainama.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

Akaibeba kwa mikono miwili, akakaa nayo kwenye kigoda, akaigeuza juani. Nyaya za shaba ndani bado zilikuwa zinang'aa. Puli, kile kigurudumu cha mkanda, ilizunguka kwa kidole chake, laini, bila kelele. Mama alikuwa mkulima, vitu vilivyozeeka alivijua.

"Jembe likizeeka huwa limelika," alisema. "Hiki kimelika wapi?"

Ningeweza kumwambia habari za kaboni na diodi, asingeelewa, na pangeishia hapo. Nilikuwa nimechoka kutoka nje kila mgeni akija. Nikamwambia yote: fundi, waya, plasta juu ya taa, kijana wa kivuko aliyesema tuliache gari, na kwa nini nililikataa lile basi dogo.

Aliweka kile chombo chini pale pale kilipokuwa, akaingia ndani. Jioni chakula kilipoiva akaniita, akanipakulia mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na hakula. Akakaa mbele yangu, akanitazama kwa jicho lile moja mpaka nilipomaliza.