Posho ya Beki wa Jomvu

Kazi ya kiwandani Changamwe niliipata kwa sababu ya gongo la hoki. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Timu ya wanawake ya kiwanda ilikuwa imevunjika, wachezaji hodari wamehamia Nairobi, na afisa wa maslahi ya wafanyakazi akaamua kuijenga upya kwa wasichana waliomaliza shule juzijuzi. Nami nilikuwa mmoja wao. Wa zamani alibaki mmoja tu: beki, mama wa watoto watatu kutoka Jomvu Kuu. Alikuwa akifika mazoezini na buibui, akilivua na kulikunja taratibu, kisha akiingia uwanjani na suruali yake ndefu ya michezo.

Tukaja kusikia kwamba posho yake ni maradufu ya yetu. Tulinung'unika sana. Sisi tulikimbia mpaka ulimi nje, yeye akisimama nyuma akituelekeza kwa kidole. Siku moja mwenzetu akamuuliza waziwazi kwa nini alipwe zaidi. Hakukasirika.

"Wanangu, mimi nalipwa kwa makosa yenu," alisema. "Nyinyi koseni, mujifunze. Wakija kuuliza, wataniuliza mimi."

Tuliyachukulia kuwa maneno tu. Kisha tukaenda kucheza Port Reitz, kwenye uwanja mkavu ambako mpira ule mgumu huruka kama jiwe. Aliniita nirudi nyuma; sikumsikia. Mpira ukapita pale nilipopaswa kuwa, na yeye akauzuia kwa muundi wake. Haikutosha, tulifungwa, na baadaye tukafungwa mabao mengine. Mchezo ulipokwisha, afisa alikuja amekunja uso, akataka kujua nani aliyeacha pengo lile.

"Ni mimi," alijibu, huku akijikanda mguu uliokwisha kuvimba. "Nilimpeleka mbele mno."

Hakuniangalia wala hakunitaja tena. Kesho yake aliniambia tu niwahi mazoezini, na tangu hapo akawa ananifundisha kulaza gongo chini na kusikiliza sauti nyuma yangu hata nikiwa mbioni.

Msimu ule tulishika mkia. Afisa akapanga kumpunguzia posho, akisema haoni faida yake. Tulipopata habari, tulimwendea ofisini sisi wenyewe, wale wale wanung'unikaji, tukamwomba asiiguse. Alishangaa, maana alizoea wachezaji wanaokuja kuomba chao. Hakuipunguza.

Msimu wa pili hatukuwa wa mwisho. Wa tatu tuliifunga timu ya mjini kisiwani, na nusu ya mabao yalianzia kwenye gongo la beki wetu.

Aliacha kucheza alipopata mimba ya nne. Siku ya akika ya mtoto tulikwenda Jomvu timu nzima, na kanga na sukari mikononi. Mama mkwe wake akauliza wasichana wote hawa ni wa nani.

"Ni wangu," alisema, akitukaribisha ndani. "Hawa ndio walionizeesha."